Ndezi aliyeshindwa kushika jani: uchambuzi wa jeraha la neva ya mguu wa mbele

Mgonjwa ni ndezi jike aliyekwisha kuzaa, wa shamba dogo lenye kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, upande wa Kisauni wa Mombasa, njia ya kwenda Mwakirunge. Lalamiko lilikuwa moja tu: hali chakula. Nyasi ya nepia ikiingizwa asubuhi, jioni hutolewa ilivyo, imekanyagwa na kulowa mkojo. Mwenye shamba ni mama wa makamo anayewajua wanyama wake mmoja mmoja, na jibu alikuwa nalo tayari.

"Daktari, huyu ni meno. Yamemzidi urefu, ndiyo maana hatafuni."

Ilikuwa dhana ya mtu anayewaelewa wanyama. Meno ya mbele ya ndezi hayaachi kukua maisha yake yote, na yale ya juu, kila moja lenye mifuo mitatu inayoshuka wima, hubaki na urefu wake kwa sababu tu mnyama anakata vitu vigumu kila siku. Akikosa kukata, yanarefuka, na yakirefuka hawezi tena kula. Lakini kinywa kilipochunguzwa meno yalikuwa sawa, yamekutana vizuri, fizi safi. Kasoro ilikuwa kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Meno yangeharibika baadaye, endapo mguu usingeshughulikiwa.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa kuwa misuli ya mguu wa mbele wa ndezi, ikielezwa, huelezwa kwa kutaja unapoanzia msuli na unaposhikia, basi. Anayemfuga mnyama huyu kwa nyama anahitaji kujua jambo la ziada: ni msuli upi unaomlisha.

Kwa wasiomjua, huyu ndiye Thryonomys swinderianus, mguguna mkubwa wa vichaka vya matete na mashamba ya miwa. Kwetu Pwani wakulima wa miwa wanamjua kama mharibifu. Watu humwita panya, ingawa kwa ukoo yuko karibu zaidi na nungunungu. Afrika Magharibi ni nyama ya heshima. Ghana, Nigeria na Benin humfuga vizimbani, na Benin ilianza kazi hiyo kwa mpango maalumu katika miaka ya 1980. Kenya hali ni tofauti. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 huwezi kumkamata ndezi kichakani ukamtia kizimbani bila kibali. Mama huyu alikipata chake kwa njia iliyo sawa, na anaandika daftari la kila mnyama anayezaliwa na kila anayekufa. Majirani zake wengi ni Waislamu na hawali nyama hiyo. Wanunuzi wake wanatoka kwingine.

Tulimtazama jike alfajiri, kabla jua la kaskazi halijapanda. Si suala la kujipendelea baridi. Ndezi ni mnyama wa hofu, hastahimili kukimbizwa, na akishikwashikwa katika joto la Mombasa anaweza kufa kabla hujajua anaumwa nini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uchunguzi ilifanyika tukiwa mbali na kizimba, bila kumgusa.

Jirani yake wa kizimba cha pili alituonyesha kwanza jinsi ndezi mzima anavyokula. Alinyakua bua la nepia kwa mdomo, akakaa juu ya miguu ya nyuma, akalikamata kwa viganja viwili vya mbele, kisha akalisukuma kidogo kidogo kwenye meno. Ukikaa kimya unausikia mkato, kipande baada ya kipande. Mgonjwa naye alinyakua bua vilevile. Akakaa vilevile. Kiganja cha kulia kikapanda, cha kushoto kikabaki kimekunjamana kifuani. Bua likageuka, likadondoka. Akarudia, likadondoka tena, akaliacha na kwenda kona. Tulipommwagia punje za mahindi yaliyolowekwa alizila zote palepale sakafuni.

Hapo sehemu kubwa ya hofu iliondoka. Hamu ya kula ipo, kinywa kinafanya kazi, koo linameza. Kilichopotea ni mshiko.

Alipotembea, kisugudi cha kushoto kilishuka kila alipojaribu kukiwekea uzito, kifundo kikajikunja kwa ndani, na akawa anakanyagia mgongo wa kiganja badala ya sehemu ya chini. Ngozi ya juu ya vidole ilikuwa imechubuka kwa kusuguana na waya. Ngozi ya ndezi ni nyepesi sana na huchanika haraka, kwa hiyo hata mchubuko mdogo huko si wa kudharauliwa.

Kijana anayewahudumia ndiye aliyetupa nusu iliyobaki ya kisa, bila kuulizwa mara mbili. Siku chache nyuma alikuwa akimtoa jike huyu kwa dume kumrudisha kizimbani kwake. Jike akang'ang'ania waya wa mlangoni kwa viganja vya mbele. Kijana aliogopa kumshika mkia, maana mkia wa ndezi hukatika kirahisi, akamshika mguu wa kushoto na kumvuta nje. Alisema alisikia mguu "umelegea" mkononi mwake. Neno hilo lilitusaidia kuliko alivyodhani.

Mguu wa mbele wa mnyama wa miguu minne haukuungana na uti wa mgongo kwa kiungo cha mfupa. Umeshikiliwa na misuli. Juu kuna trapezi na romboidi, zinazolishika kombe la bega kutoka shingoni na mgongoni. Chini kuna misuli mipana ya kifua. Nyuma kuna latisimo, inayouvuta mguu kuelekea mkiani. Na katikati, upande wa ndani wa kombe la bega, kuna serato ya chini, msuli ulioenea kwenye mbavu na shingo: kiwiliwili cha mnyama kinaning'inia baina ya makombe mawili ya bega kama mgonjwa ndani ya machela. Ndiyo sababu ukiuvuta mguu kwa nguvu, si kiungo kimoja kinachopokea mvuto. Kwapa lote linafunguka. Na kwapani ndimo linamopita fungu la neva linalotoka kwenye pingili za chini za shingo na ya kwanza ya kifua, kabla halijagawanyika kwenda kwenye misuli ya mguu.

Ukijua kila tawi linakwenda kwenye msuli gani, unaweza kusoma jeraha usiloliona. Tulimtia jike kwenye kreti nyembamba, tukamfunika macho kwa gunia, tukaanzia juu kushuka chini.

Serato kwanza. Alipoegemea upande wa kushoto, kombe la bega halikuchomoza juu ya mgongo kupita la kulia. Machela imeshika. Halafu misuli miwili inayokaa pande mbili za ukingo wa kombe la bega, supraspinato mbele na infraspinato nyuma: imejaa, sawa na ya kulia. Deltoidi ilijikaza alipokunja bega. Kisha tukambana kidole upande wa chini wa kiganja, naye akaunyakua mguu wote kwa kukikunja kisugudi. Kitendo hicho kimoja kilisema mengi: hisia za upande wa chini wa kiganja zinafika, na bisepsi na brakialisi, misuli inayokunja kisugudi, zinapokea amri. Tulipompitishia kijiti kiganjani, vidole vikafumba. Kwa hiyo misuli ya kufumba, ile iliyojaa nyuma ya mkono wa chini na kupeleka kano zake vidoleni kupitia kifundo, ilikuwa hai, pamoja na neva za mediani na alina zinazoihudumia.

Kilichokufa kilikuwa upande mmoja tu. Trisepsi, msuli mnene unaojaza pembe baina ya kombe la bega na kisugudi, haukujikaza hata kidogo. Misuli ya kunyoosha kifundo haikujikaza. Ya kunyoosha vidole haikujikaza. Na mgongo wa kiganja ulipobanwa hakushtuka, kana kwamba kiganja si chake.

Misuli yote hiyo, na ngozi hiyo ya mgongo wa kiganja, ni milki ya neva moja, ya radiali.

Swali lililofuata ndilo linaloamua mnyama anabaki au anachinjwa: neva imeumia wapi? Neva ya radiali hutoa matawi ya trisepsi mapema, kwapani na sehemu ya juu ya mkono, kisha huuzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma na kutokea mbele ya kisugudi ili kuihudumia misuli ya kunyoosha. Ingeumia katikati ya mfupa, jambo linalotokea sana mfupa huo unapovunjika, trisepsi ingebaki na nguvu: kisugudi kingesimama, kiganja peke yake kingejikunja. Hapa kisugudi chenyewe kilianguka. Kwa hiyo jeraha liko juu ya matawi ya trisepsi, kwapani. Eksrei iliyopigwa mjini ilionyesha mfupa mzima na bega mahali pake.

Palibaki uwezekano mbaya zaidi, kwamba mizizi ya neva imeng'oka kwenye uti wa mgongo. Mzizi uliong'oka haujirudishi. Lakini fungu hilo la neva halibebi mguu peke yake. Mizizi yake ya mwisho, ile ya upande wa kifua, hupitisha pia nyuzi zinazoshughulikia mboni ya jicho, na nyuzi za msuli mpana wa chini ya ngozi, ule unaotikisa ngozi ya ubavu mdudu anapotua. Mizizi hiyo iking'oka, mara nyingi mboni ya upande huo huwa ndogo na ngozi ya ubavu huo huacha kutikisika. Mboni za jike zilikuwa sawa. Ngozi ilitikisika kushoto na kulia. Ukijumlisha na bisepsi hai na vidole vinavyofumba, mizizi ilikuwa mahali pake. Neva ilivutwa, haikung'olewa.

Nilitaka kuiona njia hiyo kwa macho ndani ya ndezi mwenyewe, si kwa kukisia kutoka kwa mbwa au sungura. Mama alinipa mzoga wa dume aliyekufa kwa ugonjwa mwingine, na tuliupasua mguu wake wa kushoto mezani. Ukiondoa ngozi, macho yanavutwa na wingi wa trisepsi kuliko kitu kingine chochote mguuni. Kichwa chake kirefu kinatoka ukingo wa nyuma wa kombe la bega, vingine vinatoka kwenye mfupa wa mkono wa juu, vyote vinakutana kwenye ncha ya kisugudi. Neva ya radiali inazama baina ya vichwa hivyo. Nilipounyoosha mguu mbele na nje, jinsi mlango wa kizimba ulivyomlazimisha jike, neva ilikaza pale kabla ya kuzama. Mkono wa chini una sura mbili: upande wa nyuma, misuli ya kufumba, mizito, upande wa mbele na nje, misuli ya kunyoosha, myembamba, rahisi kuidharau. Kiganja kina vidole vitano lakini cha kwanza ni kidogo mno, hakifai kwa kubana. Kazi inafanywa na vitatu vya kati vikikandamiza bua kwenye kiganja, na kiganja cha pili kikisaidia kutoka upande wa pili.

Sasa turudi kwa jani lililodondoka, maana hapa ndipo kisa kinapokuwa na faida kwa wengine. Vidole vya jike vilifumba. Misuli ya kufumba ilikuwa hai na minene. Mbona hakuweza kushika?

Jaribu mwenyewe: kunja kifundo cha mkono wako kwa ndani mpaka mwisho, kisha fumba ngumi kwa nguvu. Huwezi. Kano za kufumba vidole zinavuka kifundo. Kifundo kikiwa kimekunjika tayari, zimeshalegea, na msuli uvute utakavyo hauna pa kukazia. Ngumi yenye nguvu inahitaji kifundo kilichonyooka au kuinuka kidogo, na kinachokiweka hivyo ni misuli myembamba ile ya upande wa mbele, hasa msuli wa radiali wa kunyoosha kifundo. Ndezi asiye nayo anafumba vidole juu ya hewa. Pili, bisepsi isiyo na trisepsi ya kuizuia inakikunja kisugudi moja kwa moja, kiganja kinazama kifuani, mbali na mdomo. Bua halina umbali wa kushikiliwa. Kwa hiyo mshiko wa ndezi, ambao kila mtu angeutafuta kwenye misuli ya kufumba, ulikuwa umefia kwenye misuli ya kunyoosha.

Mfugaji asiyejua hili ataona vidole vinafumba, atasema mguu mzima, na ataendelea kuhangaika na meno.

"Si bora nimchinje, daktari, kabla hajakonda?" mama aliuliza. Ni swali la haki. Hawa ni mifugo ya nyama. Nilimweleza hesabu ilivyo. Jike ametoka kwa dume. Akiwa na mimba, ataibeba kwa takriban miezi mitano na kuzaa watoto wachache, mara nyingi wanne hivi, wakiwa na manyoya na macho wazi. Nyama ya bega na kifua cha kushoto, yenye damu iliyovilia, ingetupwa. Na neva iliyovutwa bila kukatika ina nafasi ya kweli ya kupona: ikiwa nyuzi zake zilizimika tu, wiki chache zinatosha, ikiwa nyuzi za ndani zilikatika na ganda likabaki, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kwapani hadi trisepsi ni mwendo mfupi. Hadi misuli ya kifundo ni mrefu zaidi, hadi ya vidole mrefu kuliko yote. Tulikubaliana kumpa miezi miwili, na trisepsi ndiyo iwe hakimu. Ikikaza, tunaendelea. Isipokaza, anachinjwa, dawa zikiwa zimekwisha kutoka mwilini.

Gango la kukinyoosha kifundo lingekuwa tiba ya kwanza kwa mtu, na kwa mbwa pia lingefaa. Kwa ndezi nililikataa. Meno yanayokata muwa hayashindwi na plastiki wala bandeji, na vipande vingeishia tumboni. Mazoezi ya kumnyoosha kwa mkono nayo niliyaacha, kwa kuwa kila zoezi lingekuwa ukamataji, na ukamataji ndio uliomfikisha hapo. Dawa ya maumivu alipewa kwa muda mfupi kwa kuhofia mimba. Kidonda kilisafishwa kwa maji ya chumvi na kupakwa dawa ya kuzuia nzi wasitage funza.

Tiba kubwa ikawa kizimba. Waya wa sakafuni ulifunikwa mbao na nyasi kavu ili mgongo wa kiganja usisagike. Mabua ya nepia yalifungwa kitita cha kubana kwenye waya wa ukutani, ncha zikiwa zimetokeza usawa wa mdomo, ili ukuta umshikie. Vipande vya miwa, vilivyonunuliwa Kongowea, vilikomewa kwenye pembe ya mbao vilevile. Kijana ndiye aliyegundua kwamba kitita kikilegea jike hulivuta bua lote na kulidondosha, kwa hiyo akawa anakikaza mara mbili kwa siku. Kuanzia hapo jike alikata nepia yake. Meno yalibaki na urefu wake, uzito ukaacha kushuka.

Trisepsi ilikonda kwanza, kama ilivyotarajiwa kwa msuli usiopata amri, mpaka ukingo wa nyuma wa kombe la bega ukaonekana chini ya manyoya. Mama alishtuka. Kisha, kabla miezi miwili haijaisha, kisugudi kikaanza kusimama. Kilitetemeka, lakini kilisimama. Wiki kadhaa baadaye kifundo kikaacha kujikunja wakati amepumzika. Mpangilio huo, wa karibu kwanza na wa mbali baadaye, ndio unaotarajiwa neva inapoota kutoka kwapani kushuka, na kwangu ulithibitisha jeraha lilipokuwa kuliko kipimo chochote cha siku ya kwanza.

Lililonifurahisha kuliko yote lilitokea kabla vidole havijaweza kunyooka. Vilikuwa bado vimelegea, na jike akitembea vilikwaruza. Lakini kifundo kilikuwa kimerudi, na siku hiyo aliling'oa bua kutoka kwenye kitita, akakaa, akalishika kwa viganja viwili na kulikata hadi mwisho. Kiganja cha kushoto kilikuwa nusu wazi. Kifundo kilipopata wa kukinyoosha, misuli ya kufumba ilipata pa kukazia, na hiyo ilitosha.

Mlango wa kizimba umepanuliwa, na sasa ndezi huhamishwa kwa kisanduku kinachosukumwa mlangoni mpaka aingie mwenyewe. Waya aliokuwa akiung'ang'ania umefunikwa ubao laini. Kwa jike huyu kinachobaki ni kucha za kushoto, ambazo hazisagiki sawasawa na zinahitaji kukatwa kila anapohamishwa, na misuli ya kunyoosha vidole, ambayo nitaipima kwa kuangalia kama mgongo wa kiganja bado unachubuka.